Belle Vue na Wapanda Pikipiki Wake

Upande wa mashariki wa mji wa Manchester, katika kitongoji cha Gorton, palikuwa na bustani kubwa ya starehe iliyoitwa Belle Vue, ambayo John Jennison aliifungua mwaka 1836, na ambayo kwa zaidi ya karne moja iliwapa wafanyakazi wa viwanda vya pamba na vya chuma mambo ambayo nyumba zao finyu hazikuweza kuwapa: hayawani wa kutazamwa, kumbi za dansi, mabembea, sarakasi wakati wa Krismasi, na fataki zilizoangaza anga la usiku. Bustani hiyo haipo tena. Katika tafrija zote zilizopata maskani humo, iliyobaki hai ikiwa na jina lile lile ni klabu ya mbio za pikipiki, Belle Vue Aces, na tawarikhi yake ndiyo ninayokusudia kuieleza, pamoja na rai zangu juu ya Waingereza walioipa fahari, kwa kuwa nimekuwa shabiki wake tangu nilipofika Manchester kijana kutoka pwani yetu ya Mombasa hata leo nina mvi.

Spidwei, kama mbio hizo zinavyoitwa, iliingia Uingereza kutoka Australia. Tarehe 19 Februari 1928, huko High Beech katika msitu wa Epping, karibu na London, ilikusanyika halaiki kubwa kupita matazamio ya waandalizi, na kabla ya mwaka huo kwisha mbio hizo zilikuwa zimeenea miji mingi, Manchester ikiwamo, ambako Belle Vue ilianzia katika uwanja wa mbio za mbwa wa Kirkmanshulme Lane. Kwa msomaji ambaye hajapata kuziona, taratibu zake ni hizi: wapanda pikipiki 4 husimama nyuma ya utepe, na utepe unaporuka juu huondoka kwa kishindo, wakaizunguka mara 4 njia yenye umbo la yai, daima wakikunja kushoto, wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hutoka mikono mitupu. Pikipiki yenyewe ina gia moja, haina breki hata moja, na huendeshwa kwa methanoli. Mwenye kuipanda hufunga kiatu cha chuma katika mguu wa kushoto na kuuburuta ardhini kwenye kona, gurudumu la nyuma likiteleza kuelekea nje, la mbele likielekezwa kulia ilhali pikipiki inakwenda kushoto, na udongo ukiwarukia watu waliosimama karibu na uzio. Hana la kumpunguzia mwendo ila kuachia mafuta na kuilaza pikipiki zaidi, na mwenye kuachia mafuta kabla ya wakati wake hupitwa.

Tarehe 23 Machi 1929 klabu ilihamia uwanja wake yenyewe, ndani ya bustani, kando ya barabara ya Hyde Road, na hapo ndipo ilipopata tabia yake. Nashika rai, wala sijapata kusikia hoja ya kuibatilisha, kwamba Hyde Road ndiyo iliyokuwa mwalimu mkuu wa wapanda pikipiki wa Kiingereza. Katika viwanja vingi vya nchi ile njia ilikuwa finyu, hata mwenye kuitangulia kona ya kwanza aghalabu alikuwa amekwisha kushinda, na zile mbio zilizobaki zikawa msafara tu. Hyde Road ilikuwa ndefu na pana. Mtu aliyechelewa kuondoka aliweza kuchukua ukingo wa nje, mahali ambapo udongo umerundikana na gurudumu hupata pa kushika, akajenga mwendo katika kona nzima, na kutokeza mbele ya wenzake katika mnyoosho. Aliyelelewa hapo alijifunza kwamba kuwa nyuma si kushindwa, na mafundisho hayo yalionekana juu yake hata alipokwenda kushindana ugenini.

Chini ya meneja E. O. Spence, klabu iliutwaa ubingwa wa ligi miaka 4 mfululizo, kuanzia 1933 hadi 1936. Katika majina ya zama zile nitataja matatu: Frank Varey, ambaye mavazi yake mekundu ya ngozi na ujasiri wake uliokaribia ghadhabu viliwafanya watu wa Argentina, alipokwenda kushindana kwao, wampe jina la Shetani Mwekundu, Bill Kitchen, ambaye baada ya vita alikwenda kuwa nahodha wa Wembley, na Eric Langton, ambaye kwa kila kipimo ninachokijua ndiye aliyestahili zaidi taji asilolipata. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalipofanywa Wembley mwaka 1936, ziliongezwa juu ya matokeo ya usiku ule pointi ambazo kila mmoja alikuja nazo kutoka hatua za awali. Ndipo Bluey Wilkinson wa Australia akashinda mbio zake zote 5 asipate taji, na Langton akalingana na Lionel Van Praag, Mwaustralia mwingine, ikawalazimu kushindana wawili peke yao. Van Praag akashinda. Kanuni ile ya pointi za kubebwa ilikuwa mbaya, na waliokuja baadaye walifanya vema kuiondoa.

Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945, viwanja vingine vilipofungwa na vijana wengi kuitwa jeshini, Belle Vue haikufunga mlango. Mbio ziliendelea kila mwaka pamoja na upungufu wote wa watu na wa vipuri, na siioni klabu nyingine nchini inayoweza kudai hishima hiyo. Miaka 4 baada ya amani, Tommy Price wa Wembley alipokuwa Mwingereza wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, wa pili na wa tatu nyuma yake walitoka Hyde Road: Jack Parker, mtu aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 40, na Louis Lawson.

Sasa nimefika kwa Peter Craven, na hapa sitafanya haraka. Sikumwona kwa macho yangu, kwani nilifika mjini baada yake. Lakini wazee waliosimama nami ukutani mwa kona ya kwanza walikuwa hawawezi kutazama mbio 3 bila kumtaja, wala hawakumtaja kwa namna watu wanavyowataja marehemu kwa wajibu tu. Alizaliwa Liverpool mwaka 1934, mtu mdogo wa umbo, asiye na uzito wa kuitawala pikipiki kwa nguvu, basi akaitawala kwa mizani. Walinieleza kwamba wenzake walikaa juu ya pikipiki, ilhali yeye aliizunguka: mara kifua chake kiko juu ya usukani, mara mwili mzima umening'inia upande wa ndani, na goti la kulia limepandishwa kwenye tangi, akizirekebisha nyuzi za mteremko wake kila yadi. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 21, alikuwa bingwa wa dunia Wembley. Mwaka 1962 alirudi pale pale akachukua pointi 14 kati ya 15, akiwaacha nyuma Barry Briggs wa New Zealand na Ove Fundin wa Sweden, mahasimu wakubwa wa zama zake, na kabla yake hapakuwa na mwana wa England aliyeutwaa ubingwa huo mara 2.

Tarehe 20 Septemba 1963, katika uwanja wa Old Meadowbank mjini Edinburgh, mpinzani alipatwa na matata mbele yake. Craven alikuwa na nafasi ya kitambo kidogo tu ya kuchagua. Akageuza pikipiki kumkwepa mwenzake, akauvaa uzio. Alifariki baada ya siku 4, umri wake miaka 29, katika mwaka ule ule ambao Belle Vue ilikuwa bingwa wa ligi. Wengi husema alikufa kwa ajali, nayo ni kweli. Lakini mimi naona ni haki iandikwe kila mahali inapoandikwa historia hii kwamba aliukwepa mwili wa mtu mwingine kwa makusudi, na kwamba ustadi ule uliomfanya bingwa ndio uliomwezesha kufanikiwa katika jambo lake la mwisho.

Mimi nilianza na enzi ya Ivan Mauger. Huyu alikuwa mtu wa New Zealand, lakini haiwezekani kuwapima Waingereza wa Belle Vue bila yeye, kwa sababu aliwafundisha kazi. Alikuja mwaka 1969, akatwaa ubingwa wa dunia mara 3 akiwa nasi, na kuiongoza klabu katika mataji ya ligi ya 1970, 1971 na 1972. Alikuwa na tadbiri kuliko wote niliowaona: pikipiki zake zilikuwa safi kama vyombo vya hospitali, na ardhi ya mahali pake pa kuondokea aliichunguza kwa nukta kadhaa, akiikanyaga na kuisawazisha kwa kiatu, kabla hajasogea kwenye utepe. Umma ulimstahi. Kumpenda, walimpenda Peter Collins.

Collins alizaliwa kandokando ya Manchester, akakulia katika mbio za pikipiki za viwanja vya majani, akapitia Rochdale, klabu ndogo ya jirani, ndipo akaja Hyde Road. Nakumbuka Jumamosi usiku, kalamu ya risasi mkononi na kijitabu cha ratiba juu ya goti, jinsi nilivyojifunza kutoandika matokeo ya mbio zake mpaka mstari wa mwisho uvukwe, kwa kuwa kona ya mwisho ya mzunguko wa 4 ilikuwa mali yake. Akiwa wa tatu alikwenda kuutafuta uzio wenyewe, karibu mno hata sisi tuliokuwa nyuma yake tulijitupa kinyumenyume, na harufu ya mafuta ya mbarika ikabaki puani alipokwisha kupita. Mwaka 1976, huko Chorzów nchini Poland, aliutwaa ubingwa wa dunia kwa injini ya Weslake, iliyotengenezwa Uingereza, na wa pili alikuwa Malcolm Simmons, Mwingereza mwenziwe. Mwaka uliofuata aliumia mguu vibaya siku chache kabla ya fainali ya Göteborg, akapanda vivyo hivyo, na akashika nafasi ya pili nyuma ya Mauger. Katika yote aliyoyafanya, nafasi ile ya pili ndiyo ninayoiweka juu.

Sambamba naye alikuwa Chris Morton, aliyekaa Belle Vue tangu 1973 hadi 1989, na mwaka 1984 wawili hao wakawa mabingwa wa dunia wa mbio za jozi. Mchezo huu hutoza kodi yake: nahodha wao, Alan Wilkinson, alianguka Hyde Road mwaka 1978 na hakutembea tena.

Uwanja wenyewe uliuzwa. Bustani ya hayawani ilikuwa imefungwa tangu 1977, na mwishoni mwa 1987 pikipiki zilizunguka Hyde Road kwa mara ya mwisho. Kisha pakavunjwa, pakawa mahali pa kunadia magari. Klabu ikarudi Kirkmanshulme Lane, na ijapokuwa ilitwaa ligi mwaka 1993, kona zile zilikuwa fupi na hazikumlea mtu namna ile ya kale. Hasara hiyo haikuwa ya Manchester pekee. Timu ya taifa, iliyokuwa bingwa wa dunia mwaka 1989, ilikaa miaka 32 bila taji, na ninaamini kwamba sababu moja kubwa ni kukosa shule.

Mwaka 2016, baada ya juhudi ndefu ambazo Morton mwenyewe alikuwa miongoni mwa wakuu wake, ulifunguliwa uwanja mpya wa taifa pale pale Gorton, wenye njia pana. Usiku wa kwanza mbio hazikuweza kufanyika kwa ubaya wa ardhi, na maneno mengi makali yakasemwa. Lakini ardhi ilipotengenea, watu walianza tena kupitana kwa nje. Hapo ndipo Oktoba 2021 Dan Bewley, kijana wa Cumbria aliyelelewa katika kikosi cha vijana cha klabu, pamoja na Robert Lambert, waliwashinda Wapoland na kurudisha taji la dunia la timu. Mwaka uliofuata Belle Vue ikawa bingwa wa ligi, na Bewley akashinda mashindano makuu ya Cardiff. Hupita kwa nje, bila hofu na bila fujo, na hamgusi mtu. Namweka sawa na Morton, chini kidogo ya Collins, na siku atakapokuwa bingwa wa dunia peke yake nitampandisha.