Deni la Wapagazi wa Vita



Mhariri ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Kwa kuwa nimelifundisha somo hilo miaka mingi, nimechagua jambo linalotuhusu sisi wa Morogoro ambalo madarasani hulipita upesi. Jeshi la kigeni likiingia katika nchi ya watu, likala chakula chao na kuwachukua vijana wao, nani atajibu? Na atajibu mbele ya nani?

Kila msafiri anaijua Msamvu, ninapoishi. Hapo ndipo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikaenda Dodoma na nyingine Iringa, na milima ya Uluguru imesimama hapo karibu. Mahali penye njia panda hupendwa na wafanyabiashara wakati wa amani, na hupendwa na majeshi wakati wa vita. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti, 1914, Gavana Heinrich Schnee aliihamishia serikali yake Morogoro, akiogopa mizinga ya meli za Waingereza pwani. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Agosti, 1916, majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia mjini. Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa wamekwisha kuondoka, wakaizunguka milima kuelekea Kisaki, kisha mto Rufiji.

Katika nchi ile farasi na ng'ombe wa mizigo hawakuweza kuishi, kwa sababu ya mbung'o. Magari yalikuwa machache, na mvua ziliponyesha yalizama katika tope. Basi mzigo ulibaki juu ya kichwa cha binadamu. Kila risasi na kila gunia la unga lilibebwa na mpagazi, naye kwa kawaida alichukua ratili 50 au 60. Baadhi yao walikwenda kwa ujira, lakini wengi walikusanywa kwa nguvu kupitia kwa majumbe na maakida. Waingereza peke yao walitumia wapagazi karibu milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na inakadiriwa kuwa kiasi cha 95,000 kati yao walikufa. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Walioondolewa na kuhara, homa, njaa na uchovu ndio walio wengi. Wajerumani nao walichukua wapagazi wengi, na idadi ya waliokufa katika kundi hilo haikuandikwa ipasavyo.

Nyumbani nako hakukuwa salama. Jeshi moja lilipita likachukua nafaka na mifugo, na la pili likaja kuchukua yaliyosalia. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalikomba ng'ombe na vijana, njaa iliyoitwa Mtunya iliua maelfu ya watu kati ya 1917 na 1920. Wajerumani walipoishiwa fedha walichapa noti za muda hapa hapa nchini, na baada ya vita noti hizo hazikuwa fedha tena. Mkulima aliyeuza nafaka yake kwa noti hizo alibaki na karatasi.

Vijana wangu darasani walikuwa wakiniambia, "Mwalimu, zamani zile hakukuwa na sheria." Sivyo hata kidogo. Mkataba wa Hague wa mwaka 1907 uliagiza kwamba jeshi likichukua mali ya wenyeji lilipe fedha taslimu, au litoe hati na kulipa mapema iwezekanavyo. Ulisema pia kwamba dola itawajibika kwa matendo yote ya watu wa jeshi lake. Uingereza na Ujerumani zote zilitia sahihi. Kwa hiyo sheria ilikuwepo, ila hapakuwa na mlango ambao mtu wa Mgeta au Matombo angeweza kuugonga nayo mkononi. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliidai Ujerumani fidia kwa hasara za raia, lakini raia waliokusudiwa ni wale wa nchi zilizoshinda. Mluguru alihesabiwa kuwa mtu wa upande ulioshindwa, ingawa hakuna aliyemwuliza kama anataka kupigana. Na nchi yake ilikabidhiwa kwa mmoja wa wale wale waliopaswa kudaiwa.

Hata mishahara iliyokwisha kufanyiwa kazi haikulipwa yote. Fedha za maelfu ya wapagazi waliokufa au kupotea zilibaki bila mwenyewe. Serikali za makoloni zilipoomba fedha hizo zitumike kwa faida ya wananchi, Hazina ya London ilikataa. Udhuru mkubwa ulikuwa orodha: majina yamekosewa, vijiji havijulikani, warithi hawapatikani. Lakini ni nani aliyekuwa na kazi ya kuandika orodha hizo? Ni jeshi lenyewe. Aliyeshindwa kuandika ndiye aliyefaidika na kutoandika.

Dar es Salaam walijengewa sanamu ya Askari mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini kwa jumla, bila jina. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wazee waliokuwa bado hai. Wapagazi hawakuwa katika hesabu hiyo. Mwezi Aprili, 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Radhi ni jambo jema, lakini haikuambatana na hesabu ya deni.

Je, kukosa majina kunafuta haki? Mahakama ya Kimataifa ya Haki imetujibu kwa kesi ya jirani zetu. Mwaka 2005 iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa majeshi yake kuingia na kutenda maovu nchini Kongo. Tarehe 9 Februari, 2022, iliiamuru ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 zilikuwa kwa madhara yaliyowapata watu. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11, tena haikuweza kuonyesha orodha kamili ya wafu. Hata hivyo mahakama haikusema, "Hakuna orodha, basi hakuna kesi." Ilikadiria waliokufa kuwa kati ya 10,000 na 15,000, ikatoa hukumu. Udhuru wa mwaka 1919 haukukubaliwa.

Wala jina pekee halitoshi. Huko Nanyuki, Kenya, ambako askari wa Uingereza hufanya mazoezi, mwanamke kijana aliuawa mwaka 2012. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ya Kenya ulisema aliuawa na askari wa Uingereza. Hati ya kumkamata mshtakiwa ilitolewa Nairobi mwezi Septemba, 2025, miaka 13 baada ya kifo, naye akakamatwa Uingereza Novemba mwaka huo. Mshtakiwa ni wa kuhukumiwa na mahakama, si na makala yangu. Ninachosema ni kwamba hapo marehemu alikuwa na jina, na ndugu zake hawakunyamaza, na bado safari ilikuwa ndefu kiasi hicho. Itakuwaje kwa asiye na jina wala msemaji?

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Ni kweli, lakini tusiisome methali hiyo kana kwamba nyasi zimeumbwa zikanyagwe. Sisi si nyasi. Tunaweza kuhesabu, kuandika na kudai.

Kwa hiyo nina ombi kwa chama chetu na kwa wanafunzi. Likizo ijayo kila kijana atokaye Mgeta, Matombo, Mkuyuni, Kisaki au penginepo awaulize wazee wa ukoo: nani alichukuliwa vitani, alitoka kijiji gani, alirudi au hakurudi? Aandike jina la babu huyo na la aliyesimulia. Daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule, nami niko tayari kulinunua na kusaidia kulipanga. Waliopigana wana kumbukumbu zao katika nyaraka za London na Berlin. Wabeba mizigo yao tunao sisi, na wasimulizi wanazidi kupungua.