James Anderson, Marine Aliyekumbatia Guruneti

Februari 28, 1967, Kombania F ya askari wa Marine wa Marekani ilikuwa ikipenya msitu mnene kaskazini-magharibi mwa Cam Lo, mkoani Quang Tri, Vietnam. Wapelelezi wenzao walikuwa wamezingirwa, na kombania hiyo ilitumwa kwenda kuwanasua. Platuni ya pili ilitangulia. Haikufika mbali. Baada ya mita 200 hivi, risasi za bunduki na za rashasha zikaanza kuwamiminikia kutoka vichakani.

Askari wa miguu hufundishwa kuachiana nafasi ili bomu moja lisiwamalize wote. Siku hiyo haikuwezekana. Walijikuta wamesongamana, mita 20 tu kutoka alipojichimbia adui, wakijibu mapigo huku majeruhi wakiongezeka. Ndipo guruneti likatua katikati yao, likabingirika hadi kando ya kichwa cha James Anderson. Akanyoosha mkono, akalikamata, akalivuta kifuani na kujikunja juu yake. Likalipuka. Vipande vyake viliwajeruhi baadhi ya wenzake, lakini nguvu kubwa ya mlipuko iliishia mwilini mwake. Alikuwa na umri wa miaka 20.

Mara nyingi Anderson husimuliwa kwa sekunde hizo chache tu. Hazitoshi. Mtu anayemjua kwa guruneti peke yake hajajua kijana huyo alikuwa akilitumikia jeshi gani, wala watu wa rangi yake walivyohangaika hadi kukubaliwa humo.

Kikosi cha Marine kilipoundwa upya mwaka 1798 kiliwafungia milango watu weusi. Jeshi la nchi kavu liliwapokea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 19, ingawa katika vikosi vya peke yao. Jeshi la majini nalo likawapokea. Marine wakakataa katakata. Ni amri ya Rais Franklin Roosevelt ya Juni 1941, iliyopiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya silaha na kazi za serikali, iliyowalazimisha kulegeza, na makuruta weusi wa kwanza wakaripoti Agosti 1942. Hata hapo hawakuchanganywa na weupe. Walipelekwa Montford Point, North Carolina, kambi yao pekee, iliyokuwa jirani na kambi kubwa ya Lejeune ambayo hawakuruhusiwa kuingia bila kusindikizwa na mzungu. Karibu watu 20,000 walipitia Montford Point hadi ilipofungwa mwaka 1949. Wengi wao kazi yao vitani ilikuwa kubeba risasi na shehena, mara nyingi chini ya moto wa adui.

Anderson alizaliwa Los Angeles Januari 22, 1947, kambi hiyo ikiwa bado wazi. Alipomaliza sekondari alisoma mwaka mmoja na nusu katika chuo cha Los Angeles Harbor. Agosti 1965 mtaa wa Watts, katika jiji hilohilo, uliwaka moto kwa siku sita baada ya polisi kumkamata dereva mweusi. Watu 34 walikufa. Nusu mwaka baadaye, Februari 1966, Anderson aliacha masomo akajiandikisha Marine. Mafunzo ya kuruta aliyapata San Diego, Agosti akapanda cheo kwa hatua moja, akapelekwa Camp Pendleton kwa mafunzo zaidi, na Desemba akawa Vietnam na bunduki mkononi. Hakumaliza hata miezi mitatu vitani.

Nishani ya Heshima, ya juu kabisa katika majeshi ya Marekani, walikabidhiwa wazazi wake mjini Washington Agosti 21, 1968, na Waziri wa Jeshi la Majini Paul Ignatius. Anderson ndiye Marine mweusi wa kwanza kuipata. Miezi minne kabla ya hafla hiyo Martin Luther King alikuwa ameuawa kwa risasi Memphis, na miji mingi ikawaka tena. Nawafikiria baba na mama yule wakipokea nishani ya mtoto wao kutoka kwa taifa ambalo mwaka uleule lilikuwa likimzika King. Kuwaambia wajivune ilikuwa rahisi. Kuwapa watu wao haki zao kulichukua muda mrefu zaidi.

Kaburi lake liko Carson, California, na mji huo una bustani yenye jina lake. Jeshi nalo liliipa jina lake meli ya kubeba zana.

Vita vya Vietnam vilitoa Marine weusi watano waliotunukiwa nishani hiyo. Rodney Davis wa Georgia alikufa Septemba 1967, Ralph Johnson wa South Carolina Machi 1968, Oscar Austin Februari 1969, na Robert Jenkins siku chache baada yake. Wote watano waliipata wakiwa wamekwisha kufa, na wote waliwakinga wenzao na guruneti kwa miili yao.