Taa za mbele za gari zikichezacheza: pa kuanzia kabla ya kumwita fundi

Ukiwa Buguruni, taa za gari zikianza kuchezacheza usiku unaweza usishtuke sana. Barabara ya Mandela ina taa zake, na ukiingia uchochoro wowote hukosi fundi umeme wa magari. Kwa msikilizaji wetu aliye ndani huko Kisarawe au Mkuranga mambo ni tofauti. Giza la sekunde moja linatosha kumgonga mwenye baiskeli isiyo na taa. Habari njema ni kwamba mara nyingi tatizo lenyewe ni dogo, na spana namba 10 pamoja na kipande cha msasa vinatosha.

Kwanza jiulize: inacheza taa moja au zote mbili?

Ikiwa ni moja, acha betri, nenda kwenye taa hiyo. Zima taa, subiri ipoe, chomoa soketi iliyo nyuma ya globu. Angalia kama plastiki imeungua au kugeuka rangi ya kahawia, na kama vyuma vya ndani vimelegea au vina kutu. Soketi iliyoungua haisafishwi, inabadilishwa. Ukiweka globu mpya, usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huifanya iungue mapema. Kama taa za gari lako ni zile za zenoni zenye mwanga mweupe mkali, usifungue. Umeme wake ni mkubwa na unaua.

Zikicheza zote mbili, fungua boneti uangalie betri. Shika terminali moja moja, jaribu kuzizungusha kwa mkono. Ikizunguka, umempata mchawi wako. Kama kuna unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Zima gari, fungua hasi kwanza, halafu chanya. Safisha kwa maji yaliyokorogwa na magadi soda, kausha, piga msasa, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Mpangilio huo una sababu: hasi imeunganishwa na bodi ya gari, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka. Na sigara iwe mbali, maana betri hutoa gesi inayolipuka.

Waya wa hasi una upande wa pili, ule uliofungwa kwenye bodi au injini. Mafundi huuita athi, na watu wengi huusahau. Hapo ndipo tope na maji ya barabara za vumbi hufanya kazi yake kimya kimya. Kipimo chake ni rahisi: washa taa, chukua waya mnene, upande mmoja gusisha kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kisicho na rangi karibu na taa. Zikitulia, athi ndiyo mbovu. Fungua boliti yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza.

Bado zinacheza? Sikiliza injini. Taa zinazofifia gari likiwa sailensa na kung'aa ukikanyaga mafuta zinaelekeza kwenye alteneta au mkanda wake uliolegea. Hapa tafuta mita ya umeme, hata ya kuazima kwa fundi redio. Betri nzima, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Gari likiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, haichaji. Ikipita 15, kidhibiti cha alteneta kimekufa na globu zitaungua moja baada ya nyingine.

Kuna fundi atakayekuambia achomoe betri gari likiwa linawaka ili apime alteneta. Mkatalie. Njia hiyo ilifaa magari ya zamani. Haya ya sasa yana kompyuta, na umeme ukiruka ghafla unaweza kuiunguza. Mkatalie pia anayefunga karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Fyuzi ikiungua kila mara inakuambia kuna waya unaogusa bodi mahali, na ukiinyamazisha, kitakachoungua ni gari.

Wapenda globu kali nao wanajitafutia. Globu mbili za wati 55 huvuta ampea 9 hivi. Weka za wati 100, utavuta karibu 17 kwenye waya na swichi ambazo hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

Ukilazimika kuagiza kifaa Kariakoo, upande wa Gerezani kwenye maduka ya vipuri, usimtume mtu kwa maneno matupu. Piga picha maandishi yaliyo kwenye kitako cha globu, kama H4 au H7, pamoja na soketi, umtumie kwenye simu. Kwa magari ya haibridi, nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa.

Na usiku ukikukuta njiani taa zinafifia, zima feni na redio, ndiyo, hata redio yetu. Alteneta ikiwa imekufa, betri peke yake haitakufikisha mbali, basi ingia kituo cha kwanza chenye watu. Ukishindwa kufika, toka nje kabisa ya lami na uweke pembetatu nyuma ya gari kabla taa hazijazima zenyewe.