Obama kabla ya Ikulu: Miaka 8 ya useneta wa jimbo iliyompika kisiasa

Barack Obama aliposhinda uchaguzi wake wa kwanza, mwaka 1996, alikuwa peke yake kwenye mchujo wa chama. Si kwamba hakukuwa na wapinzani. Walikuwapo wanne, akiwemo mama aliyekuwa akikikalia kiti hicho, na wote walitoka kinyang'anyironi kabla ya siku ya kura. Kilichowatoa ni saini.

Kiti chenyewe hakikuwa cha Washington. Kilikuwa cha Seneti ya jimbo la Illinois, ambayo hukaa mjini Springfield. Obama alikuwa huko kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, karibu miaka 8, muda unaokaribia kulingana na aliokaa Ikulu ya Marekani. Lakini miaka hii ya kwanza haizungumzwi sana.

Ukiifuatilia, kuna jambo moja linajirudia: hesabu. Hesabu ya saini, hesabu ya kura, hesabu ya wabunge walio upande wako. Alipozipata sawa, alipita. Alipokosea, alianguka vibaya.

Huyu ni seneta yupi?

Marekani ina maseneta wa ngazi mbili, na watu wengi huwachanganya.

Kuna maseneta 100 wa Washington, wawili kutoka kila jimbo. Hao ndio tunaowasikia kwenye taarifa za habari. Halafu kila jimbo lina bunge lake, lenye wabunge wake na sheria zake. Illinois ina maseneta 59 na wawakilishi 118.

Kwa Mkenya, cheo hiki kinafanana kwa jina tu na cha maseneta wetu wanaokaa Nairobi. Kikazi kiko karibu zaidi na bunge la kaunti, ila hili lina meno makali zaidi. Bunge la jimbo linaweza kutunga sheria za jinai na kuamua kama mtu anyongwe au asinyongwe. Mzanzibari ataelewa haraka: wao wana Baraza la Wawakilishi lao, na Bunge la Muungano liko Dodoma.

Mama Palmer aliondoka, kisha akataka kurudi

Baba yake Obama alikuwa Mkenya kutoka Kogelo, Siaya, lakini siasa za mtoto zilianzia Chicago. Alifika huko mwaka 1985 kufanya kazi ya kuwaunganisha wakazi wa mitaa maskini ya kusini mwa jiji wadai huduma zao. Baadaye akaenda kusomea sheria Harvard, akarudi, na mwaka 1992 akaongoza kampeni ya kusajili wapiga kura weusi. Inakadiriwa watu 150,000 walisajiliwa.

Nafasi ilijitokeza mwaka 1995. Mbunge wa Congress kutoka eneo hilo, Mel Reynolds, alijiuzulu baada ya kupatikana na hatia ya makosa ya ngono yaliyohusu msichana mdogo. Seneta wa jimbo Alice Palmer akaamua kukiwania kiti cha Reynolds, na Obama akajitosa kuwania kiti cha Palmer kwa baraka za mama mwenyewe.

Mambo yakageuka Novemba mwaka huo. Palmer alishindwa na Jesse Jackson Jr., mtoto wa yule mchungaji maarufu. Akataka kurudi kwenye kiti chake cha zamani, na baadhi ya wazee wa siasa wakamwomba Obama ampishe.

Obama akakataa. Alikuwa ameshaanza kampeni na hakuona sababu ya kurudi nyuma.

Sheria ilimtaka kila mgombea alete angalau saini 757 halali za wapiga kura wa eneo hilo. Palmer alikusanya zaidi ya 1,500 haraka haraka, kwani muda ulikuwa unayoyoma. Timu ya Obama ikaenda kwenye ofisi ya uchaguzi na kukagua jina moja baada ya jingine. Huyu hajasajiliwa. Huyu anaishi eneo jingine. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia saini.

Saini zikaanza kupukutika. Palmer akajiondoa, na wagombea wengine watatu wakakosa idadi inayotakiwa.

Kisheria Obama hakukosea popote. Kisiasa kulibaki swali zito: aliyejijengea jina kwa kusajili wapiga kura alipata kiti kwa njia iliyowaacha wapiga kura hao bila mtu mwingine wa kuchagua. Palmer hakusahau. Mwaka 2008, Obama alipowania urais, mama huyo alimuunga mkono Hillary Clinton.

Springfield: miaka sita kwenye benchi

Kushinda ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine. Obama alipoingia Seneti, Republican ndio waliokuwa wengi na ndio waliopanga mswada upi ujadiliwe. Mwanachama wa Democratic angeweza kuandika mswada mzuri namna gani, bado ungefia kwenye kamati bila hata kupigiwa kura.

Wenzake wengine walimwona msomi wa majivuno. Alikuwa akifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, na kati ya hapo na Springfield ni kama kilomita 320 za barabara.

Njia aliyotumia kuwafikia ilikuwa ya kawaida sana: karata. Yeye na seneta mwenzake Terry Link walianzisha meza ya poka ya dau dogo, na mezani walikaa watu wa vyama vyote viwili. Bungeni wangebishana, jioni wangecheza. Urafiki huo ulimsaidia baadaye alipohitaji kura za wazungu kutoka mashambani.

Matunda ya kwanza yalionekana mwaka 1998, aliposaidia kupitisha sheria ya kuwabana wanasiasa wa Illinois wasipokee zawadi kutoka kwa wanaotafuta upendeleo. Katika jimbo lililojulikana kwa ufisadi, hilo halikuwa jambo dogo.

Kuna tabia nyingine ya miaka hiyo iliyokuja kumsumbua. Mezani kwa kila seneta wa Illinois kuna vitufe vitatu: kijani kwa ndiyo, chekundu kwa hapana, na cha njano kwa "nipo". Katika kura kama 4,000 alizopiga, Obama alibonyeza kile cha njano mara 130 hivi. Wapinzani wakamwita mwoga wa kuchukua msimamo. Watetezi wake walisema ni mbinu ya kawaida kwa wabunge wa huko, hasa mswada unapokuwa na kasoro za kikatiba au umeletwa kama mtego.

Haraka iliyokosa baraka

Mwaka 1999 Obama alichoka kusubiri. Akaamua kumvaa Bobby Rush, mbunge wa Congress aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther na aliyependwa sana kusini mwa Chicago.

Alikosea hesabu. Oktoba 1999, wakati kampeni zinapamba moto, mtoto wa kiume wa Rush alipigwa risasi na kufariki. Wananchi wakamwonea huruma, na ikawa vigumu kumshambulia.

Mwishoni mwa mwaka, mswada wa kudhibiti bunduki uliletwa kwenye Seneti ya Illinois. Obama alikuwa Hawaii na familia yake, na mtoto wake Malia alikuwa mgonjwa. Hakurudi kupiga kura. Mswada ulianguka kwa kura chache na magazeti yakamchana. Hebu fikiria: mpinzani wako amempoteza mtoto kwa bunduki, na wewe umekosa kura ya bunduki ukiwa ufukweni.

Rais Bill Clinton naye akajitokeza kumpigia debe Rush. Machi 2000 matokeo yakatoka: Rush takriban asilimia 61, Obama asilimia 30.

Obama mwenyewe ameandika kwamba miezi michache baadaye alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, na kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari. Kwenye ukumbi wenyewe hakuwa na nafasi ya maana. Wengi wangeacha siasa hapo.

Jina kwenye kofia

Kilichomwokoa ni jambo ambalo hakulipanga peke yake. Kila baada ya miaka 10, baada ya sensa, mipaka ya maeneobunge huchorwa upya. Illinois, vyama vikishindwa kuelewana, jina la mtu wa chama kimojawapo huokotwa kwa bahati nasibu na chama chake hupata kura ya turufu kwenye tume ya mipaka.

Mwaka 2001 jina liliokotwa kutoka kwenye kofia iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ya Abraham Lincoln. Likatoka jina la mtu wa Democratic.

Chama chake kikachora ramani. Eneobunge la Obama likanyooshwa kaskazini kando ya Ziwa Michigan hadi kwenye mitaa ya matajiri karibu na katikati ya jiji. Ghafla akawa anawakilisha pia watu wenye uwezo wa kuchangia kampeni kubwa.

Na katika uchaguzi wa 2002, Democratic wakachukua Seneti nzima.

2003: Mlango unafunguka

Emil Jones, mwanasiasa mkongwe mweusi kutoka Chicago, akawa Rais wa Seneti ya Illinois kuanzia Januari 2003. Obama alimfuata na kumwambia wazi kwamba ana uwezo wa kutengeneza seneta wa Washington. Jones akauliza ni nani huyo. Obama akajitaja.

Tangu hapo miswada mikubwa ikaanza kupitia mikononi mwa Obama, ambaye pia alipewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Baadhi ya wenzake walinung'unika, maana mingine walikuwa wameihangaikia wao kwa miaka mingi. Lakini kazi ya kutafuta kura aliifanya.

Mswada mgumu kuliko yote ulihusu mahojiano ya polisi. Illinois ilikuwa na aibu kubwa. Tangu adhabu ya kifo irejeshwe mwaka 1977, jimbo lilikuwa limewaua wafungwa 12, na wengine 13 waliokuwa wakisubiri kunyongwa walionekana hawana hatia. Chicago kulikuwa na kashfa ya kamanda Jon Burge, ambaye kikosi chake kilituhumiwa kuwatesa washukiwa weusi hadi wakiri. Gavana George Ryan, Mrepublican, alisimamisha utekelezaji wa adhabu hiyo Januari 2000.

Obama alitaka kila mahojiano ya mshukiwa wa mauaji yarekodiwe. Polisi walipinga, waendesha mashtaka walipinga, na hata gavana mpya, Rod Blagojevich wa chama chake mwenyewe, alikuwa na mashaka.

Alikaa nao kikao baada ya kikao. Hoja yake ilikuwa rahisi: rekodi inamlinda asiye na hatia, na inamlinda pia polisi anayesingiziwa kuwa alimpiga mtu. Mswada ukapita Seneti bila kura ya kupinga, na Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha jambo hilo kwa sheria ya bunge.

Mwaka huo huo alipitisha sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ijulikane kama weusi wanaonewa. Hii nayo ilipita kwa kauli moja.

Ni mtu yule yule aliyekaa miaka sita bila kupitisha makubwa. Tofauti ni kwamba sasa wengi walikuwa upande wake, na aliyeshika funguo alikuwa rafiki yake.

Kutoka Springfield hadi Washington

Machi 2004 aliingia kwenye mchujo wa useneta wa Washington dhidi ya wagombea wengine sita. Mmoja wao, tajiri Blair Hull, alitumia karibu dola milioni 29 za mfukoni mwake kabla ya kampeni yake kuzama kwa sakata la talaka. Obama alipata takriban asilimia 53.

Julai 27 mwaka huo alihutubia mkutano mkuu wa Democratic mjini Boston. Alipanda jukwaani akiwa bado seneta wa jimbo, akashuka akiwa maarufu dunia nzima. Novemba alimshinda Alan Keyes kwa asilimia 70 dhidi ya 27.

Kiti alichoacha kilichukuliwa na Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye baadaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois. Mwaka 2011 Illinois ilifuta kabisa adhabu ya kifo.

Na Obama alipotangaza kuwania urais, Februari 10, 2007, alirudi Springfield, akasimama mbele ya jengo la zamani la bunge la jimbo.

Kwa ufupi

- 1961: Azaliwa Honolulu, Hawaii
- 1985: Afika Chicago
- 1996: Achaguliwa kuwa Seneta wa Illinois, eneobunge la 13
- 1998: Achaguliwa tena, sheria ya kudhibiti zawadi yapitishwa
- 2000: Ashindwa na Bobby Rush
- 2002: Achaguliwa mara ya tatu; Democratic wachukua Seneti ya jimbo
- 2003: Sheria ya kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji
- 2004: Achaguliwa Seneta wa Marekani, aacha kiti cha Springfield
- 2008: Achaguliwa Rais wa 44 wa Marekani