Mbegu Ndani ya Bahasha: Historia Fupi ya Nyanya Tatu



Sisi wa Pemba tunaiita tungule, na wenzetu wengi wanaiita nyanya. Wapo pia wanaomwita bibi yao kwa jina hilo hilo. Nilidhani ni maneno mawili yaliyogongana tu, mpaka nilipoanza kulima nyanya za urithi nyuma ya nyumba yangu hapa Columbus, Ohio. Hapo nikaona kuwa kila mche una bibi au babu nyuma yake.

Kwa wasiofahamu, nyanya za urithi ni zile aina za zamani ambazo ukipanda mbegu zake unapata nyanya ile ile. Machotara, ambayo yalienea sana baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, hayana sifa hiyo: mbegu zake huleta mchanganyiko, na mkulima hulazimika kurudi dukani kila mwaka. Nyanya ya urithi haihitaji duka, lakini inahitaji mtu. Asipokuwapo wa kuweka mbegu, basi imekwisha.

Msimu uliopita nilipanda aina tatu, miche minne kila moja, udongo mmoja na mbolea moja. Mimi ni mhandisi na maradhi yetu ni kupima, kwa hiyo nilikuwa na mizani na daftari.

Ya kwanza ni Paragon, mwenyeji wa hapa hapa. Alexander Livingston alikuwa mkulima wa Reynoldsburg, mji jirani na Columbus. Nyanya za wakati wake nyingi zilikuwa na mikunjo na mashimo ndani. Kwa miaka mingi alichagua matunda mazuri kabisa akapanda mbegu zake, na kila mara yakazaliwa yenye mikunjo kama kawaida. Kisha akauona mche mmoja ambao matunda yake yote yalikuwa ya mviringo na laini, ingawa ni madogo. Akaacha kuchagua tunda, akachagua mche. Mwaka 1870 akaitoa Paragon. Kwangu ilizaa matunda ya wastani wa gramu 170, yenye uchachu wa kiasi, na machache tu yalipasuka.

Ya pili ni Mortgage Lifter, yaani mwondoa rehani. Katika miaka ya 1930, huko Logan, West Virginia, alikuwapo fundi wa kutengeneza rejeta za magari, M. C. Byles. Hakusomea kilimo. Alipanda mche mmoja katikati, akauzungushia miche kumi ya aina nyingine, akahamisha chavua kwa kibomba cha mpira cha kusafishia masikio ya mtoto. Baada ya miaka kadhaa ya kuchagua akapata nyanya kubwa, akauza miche yake dola moja mmoja, na kwa miaka sita akalipa deni la nyumba la dola 6,000. Tunda langu kubwa lilifika gramu 610, nyama tupu, mbegu chache, ladha ya upole.

Ya tatu ni Cherokee Purple. Mwaka 1990 John D. Green wa Tennessee alimpelekea mkemia Craig LeHoullier wa North Carolina bahasha ya mbegu zisizo na jina, akieleza kuwa familia ya jirani ilizipata kutoka kwa Wacherokee miaka 100 hivi kabla. LeHoullier alizipanda, akazipa jina, akazigawa. Nyanya hii ni laini, hupasuka ikinyeshewa, na mabega yake hubaki ya kijani. Lakini kwa utamu ilizishinda zote mezani kwangu, na watoto walioonja hawakuniuliza habari za mizani.

Mabega hayo ya kijani yana maana. Mwaka 2012 watafiti walieleza katika jarida la Science kuwa wazalishaji mbegu, kwa kutafuta matunda yanayoiva rangi moja sawasawa, walikuwa wamechagua bila kujua jini lililoharibika, lile linalosaidia tunda bichi kujitengenezea sukari. Soko liliomba rangi, likapewa rangi. Utamu haukuandikwa katika orodha, kwa hiyo haukupimwa, ukapungua.

Na sisi tuliohama je? Mwaka 1975 Diane Ott Whealy na mumewe Kent walianzisha chama cha kubadilishana mbegu, Seed Savers Exchange, baada ya babu yake Diane kuwapa mbegu za nyanya na za ua ambazo wazee wake walikuja nazo Iowa kutoka Bavaria. Wahamiaji kama sisi.

Mama yangu alikuwa na tungule zake Wete, nyuma ya jiko, pale yalipomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Zilikuwa ndogo, zenye mikunjo, kali kwenye mchuzi wa samaki. Mbegu alizikausha kwa jivu, akazifunga katika karatasi. Baada ya kufariki kwake nilimpigia dada simu: nitafutie zile mbegu, kibali cha kuziingiza huku nitashughulikia mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Zile? Mbona zimekwisha siku nyingi. Hukuuliza."

Kweli, sikuuliza. Nilirudi likizo mara nyingi, nikala mchuzi, nikasifu, nikaondoka.

Basi aliye na mzee hai kwao, amuulize mwaka huu. Kazi yenyewe si kubwa: kamua mbegu katika gilasi yenye maji kidogo, ziache siku tatu, zioshe, zianike kivulini, uzitie katika bahasha. Zikikaa pakavu hudumu miaka kadhaa. Na juu ya bahasha andika jina la aliyekupa.