Mbegu Zilizopandwa na Mashine

Msomaji wangu, tuseme mwalimu wako amekuamuru uandike habari za miji 30,000, kila mji na ukurasa wake. Ukiandika kurasa 3 kila siku pasipo kupumzika, kazi hiyo itakuchukua miaka 27 na zaidi. Lakini Mmarekani mmoja, Derek Ramsey, aliianza kazi ya namna hiyo akaikamilisha kabla mwaka 2002 haujaisha.

Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuiandika na kuisahihisha, ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001. Ramsey aliona kwamba miji mingi ya nchi yake haikutajwa humo hata kwa mstari mmoja. Basi alitwaa majedwali ya sensa ya Marekani ya mwaka 2000, akatunga skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya moja, akaiacha itende kazi.

Yafaa ufahamu jinsi kazi hiyo inavyotendeka. Kwanza huandikwa sentensi yenye mapengo: jina la mji, jina la kaunti, idadi ya watu. Kompyuta husoma mstari wa kwanza wa jedwali, ikajaza mapengo: Eldoret, Uasin Gishu, watu 475,716 katika sensa ya mwaka 2019. Huuhifadhi ukurasa, kisha hushuka kwenye mstari wa pili, na wa tatu, hata jedwali likaisha. Haichoki wala haisinzii.

Waliofuata walimzidi Ramsey. Sverker Johansson wa Uswidi alitunga programu iitwayo Lsjbot, ambayo iliandika mamilioni ya kurasa kwa Kiswidi na kwa Kisebuano, lugha mojawapo ya Ufilipino. Wikipedia ya Kisebuano ina kurasa zaidi ya milioni 5, na nyingi mno kati ya hizo ni kazi ya mashine. Je, lugha hiyo imetajirika? Wako wasemao kwamba ukurasa mfupi ni bora kuliko kukosa kabisa. Wengine huona kwamba ni ghala lililojaa magunia, na kila gunia lina konzi moja tu ya mahindi.

Kwa maoni yangu, kila upande una haki yake, lakini hatari haifichiki. Jedwali likiwa na kosa, mashine hulieneza kosa hilo katika kurasa zote pasipo kushtuka. Tena yapo mambo yasiyokaa katika jedwali. Takwimu hazisemi kwa nini Eldoret huitwa Sisibo: jina hilo limetokana na namba 64 kwa Kiingereza, namba ya shamba la enzi za walowezi ambako posta ilifunguliwa mwaka 1910. Wala ukurasa uliojazwa kwa sensa ya 2019 hauwezi kujisahihisha wenyewe useme kwamba tarehe 15 Agosti 2024 mji huu ulipewa hadhi ya jiji. Sharti mtu aurudie.

Kiswahili nacho kina Wikipedia yake tangu mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliwaita wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania washindane kuiandikia makala. Humo ukurasa mfupi usiokamilika huitwa mbegu, na jina hilo lina hekima. Wewe uliyekulia Uasin Gishu wajua kwamba trekta hupanda ekari nyingi kwa siku moja, lakini shamba lisilopaliliwa halina mavuno.

Mashine na ipande. Kazi ya kupalilia ni yako. Waulize wazee habari za mji wako, uzilinganishe na vitabu, kisha uziandike kwa Kiswahili sanifu. Usipofanya hivyo, watakaokuja baadaye wataijua idadi ya watu wetu, lakini hawatajua tulikuwa watu gani.