Habu Yenye Matundu Kumi na Moja

Sisi tuliokulia Akheri tulijua kuhesabu nati za gurudumu kabla hatujajua kusoma jina la gari. Gari likisimama barabarani tuliinama tukahesabu. Zikiwa nati tano, basi ni Land Rover. Zikiwa sita, ni Land Cruiser. Ulikuwa mchezo wa watoto, na sikufikiri kwamba siku moja hesabu hiyo ingetuingiza katika matatizo ambayo hadi leo yananikosesha raha nikiyakumbuka.

Land Rover ilioneshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi Aprili 1948. Toyota walianza kutengeneza gari lao la namna hiyo mwaka 1951, na jina la Land Cruiser wakaanza kulitumia mwaka 1954. Kwetu lililotangulia ni lile la Waingereza, maana Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wao. Lilipanda milima ya Meru wakati wa masika, lilibeba maofisa, wamisionari, kahawa na wagonjwa. Vipuri vyake vilitoka Nairobi. Kutoka Arusha kwenda Nairobi kwa njia ya Namanga ni karibu kilometa 270, hali Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilometa 600. Kwa hiyo mtu wa Arusha aliyeharibikiwa na gari alitazama kaskazini.

Mwezi Februari 1977 mpaka ukafungwa. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka uliofuata vikaja vita vya Kagera, kisha bei ya mafuta ikapanda duniani, na fedha za kigeni zikaadimika nchini. Vitabu vya historia vinatueleza jinsi nchi tatu zilivyogombania ndege, mabehewa na meli za Jumuiya. Havisemi lolote juu ya mkulima wa Akheri aliyebaki na Land Rover kuukuu isiyo na kipuri.

Mkulima huyo alikuwa baba yangu. Gari lake lilikuwa pikapu ndefu, alilolinunua likiwa limekwishatumika sana. Siku za gulio lilishusha ndizi Tengeru, na siku nyingine lilipeleka wagonjwa hospitali ya Nkoaranga. Mwaka 1981 magurudumu ya nyuma yakaanza kucheza. Nati zilikuwa zikilegea njiani bila sisi kutambua, na rimu zikawa zinagongagonga bolti hadi matundu yake yakapanuka, yakawa na umbo la yai. Rimu ikifikia hapo, hata ukikaza nati kwa nguvu zako zote haishiki. Rimu nyingine za Land Rover hatukuzipata Arusha nzima.

Ndipo baba alipopata rimu mbili za Land Cruiser iliyopinduka na kutelekezwa upande wa Usa River. Tairi halikuwa na shida. Magari yote mawili yalitumia tairi la 7.50-16, na lile la rimu hii lingeweza kuvalishwa rimu ile. Shida ilikuwa matundu. Bolti tano za Land Rover zimepangwa juu ya duara yenye kipenyo cha milimita 165.1. Zile sita za Land Cruiser ziko juu ya duara ya milimita 139.7. Tofauti yake ni inchi moja kamili.

Kwa msomaji asiyefahamu magari, bolti hizo zimeshikwa na kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi hukiita habu. Ndani ya habu mna beringi mbili zinazozunguka juu ya ncha ya ekseli. Kwa nje ina ukingo wa duara wenye bolti. Uzito wote wa gari, pamoja na mizigo na watu, hupita kwenye ukingo huo kabla haujafika kwenye tairi na ardhi.

Baba alinituma kwa fundi mmoja mzee, mtu mpole aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana za walowezi. Nilimkuta uani kwake. Nikamweleza kwamba tunataka atoboe matundu sita katika habu zetu ili rimu za Toyota zikae. Hakujibu. Alichora duara mbili mavumbini, moja ndani ya nyingine. Juu ya ile ya nje akapanga punje tano za mahindi, na juu ya ile ya ndani maharage sita.

"Haya mwanangu," akasema, "yazungushe hayo maharage mpaka yote yayakwepe mahindi."

Nilijaribu kwa muda mrefu. Kila nilipoyazungusha, harage moja lilikuja kukaa jirani na punje moja. Nikilisogeza hilo, jingine lilijileta upande wa pili. Tano na sita haziwezi kukwepana. Baadaye sana nilikaa na karatasi nikakokotoa, nikaona kwamba hata ukijitahidi vipi lipo tundu moja litakalokaa pembe ya digrii sita tu, au chini yake, kutoka kwa mwenzake. Katika habu ya Land Rover chuma kinachobaki kati ya matundu hayo mawili hakizidi milimita mbili. Fundi yule hakukokotoa. Aliniambia kwa ufupi, "Hapo ndipo itakapokatika."

Akanieleza njia nyingine. Angeweza kukereza bamba nene la chuma, lifungwe kwenye habu kwa nati tano za zamani, nalo liwe na bolti sita kwa ajili ya rimu mpya. Lakini bamba hilo husukuma gurudumu nje, na gurudumu likikaa mbali na beringi, beringi huumia mapema. Njia iliyompendeza ilikuwa kuhamisha ekseli nzima ya ile Land Cruiser pamoja na habu na breki zake. "Ukiazima gurudumu la mtu," akasema, "azima na kinacholibeba." Kazi hiyo ilitaka fedha na miezi miwili mitatu.

Baba hakuwa na fedha, wala hakuwa na miezi. Malipo ya kahawa yalikuwa hayajafika, na ndizi hazingojei. Nilipomrudishia majibu alikaa kimya, kisha akaniuliza kama namjua fundi mwingine. Nilimjua. Mimi mwenyewe nilizibeba habu zile mbili ndani ya gunia, nikapanda basi hadi mjini kwa kijana mmoja mwenye mashine ya kutobolea. Alimaliza siku ile ile. Sikumwambia habari za mahindi na maharage. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nami nilitaka gari litembee.

Lilitembea wiki saba. Asubuhi moja ya Jumamosi, masika ya mwaka 1982, tulikuwa tunashuka kwenda gulioni, baba kwenye usukani na mimi nyuma pamoja na akina mama na mikungu yao. Nilisikia mlio kama wa tawi kavu linalovunjika. Kisha nikaliona gurudumu letu likitupita upande wa kushoto, likaingia migombani. Gari liliinama, likaburuzika katika tope na kulala ubavu kwenye mfereji wa maji. Hakufa mtu. Mama mmoja jirani yetu alivunjika mkono. Alipona, lakini mkono ule haukubeba tena mkungu.

Tulipoitazama habu, ukingo ulikuwa umekatika kati ya tundu la zamani na tundu jipya. Baba aliwatuma wazee kwa jirani yetu kuomba msamaha, akapeleka na mbuzi, na tangu hapo kila msimu tulimlimia mahindi kabla ya kulima yetu. Yule mama alisamehe. Baba hakupata kunilaumu hata siku moja, nami sikuwahi kumweleza kwamba fundi wa kwanza alinionesha kwa vidole vyangu mwenyewe jinsi jambo lile lisivyowezekana. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba mzee amekataa.

Mwezi Novemba 1983 mpaka wa Namanga ukafunguliwa. Haukupita muda mrefu tukaletewa kutoka Nairobi habu mbili na rimu mbili za Land Rover, zenye matundu matano kila moja, na fundi mzee akazifunga kwa saa chache. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na miaka iliyofuata magari ya Kijapani yakazidi kuongezeka, na nati sita zikawa jambo la kawaida milimani kwetu. Tatizo lililotuumiza liliondoka kimya kimya. Kungoja kwetu kungekuwa kwa mwaka mmoja na nusu, ingawa wakati ule hakuna aliyejua.

Toyota wenyewe waliacha nati sita kwenye baadhi ya Land Cruiser mwaka 1999, wakaweka tano. Lakini tano hizo ziko juu ya duara ya milimita 150, hivyo bado hazikubaliani na Land Rover. Nayo Land Rover ya aina ile ya zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016 ikiwa na duara yake ile ile. Arusha zipo nyingi bado, zikibeba watalii. Habu na ekseli za zilizokufa utazikuta Tengeru, chini ya mikokoteni ya punda.

Habu yetu moja ilikatika. Ya pili, yenye matundu kumi na moja, ilinusurika. Watu wa mikokoteni wameniomba mara nyingi niwauzie, nikakataa. Inazuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo. Vijana wakiniuliza ni kitu gani, naomba jikoni punje tano za mahindi na maharage sita, nachora duara mbili chini, nawaambia wayazungushe.